Mtoto Aliyeitwa kwa Makofi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka. Nilikuwa nimeamua kuinyamazia, maana baadhi ya waliohusika wameshalala makaburini. Lakini Sabato iliyopita, hapa kanisani kwetu Gesima, nimemwona binti mmoja aliyeleta mtoto wake kuombewa akimkatiza mama yake mzazi mbele ya washiriki wote: "Mama, si hivyo! Wacha niseme mwenyewe." Mama wa watu alikuwa anataja jina la mjukuu wake kwa furaha tu. Vijana wakacheka. Mzee wa kanisa naye akacheka! Nilitoka nje kabla sijasema neno la kunifukuzisha ushirika. Basi keti unisikilize, kwa sababu na wewe tumbo limeshakuwa kubwa, na najua umeshaanza kutafuta majina kwenye simu.

Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza katika ndoa. Mama mkwe wangu, Kerubo, alikuwa mwanamke wa maneno. Alisemesha kila kitu, mbuzi, sufuria, hata migomba wakati anaikata majani. Mwanawe mkubwa, shemeji yangu Ondieki, alikuwa akifanya kazi Nairobi na mkewe Rebeka. Rebeka alipopata nafasi katika chuo cha ualimu, walimleta binti yao nyumbani alelewe na bibi. Hakuwa amefikisha mwaka. Jina lake lilikuwa Flavia.

Sasa ndimi zetu sisi watu wa Kisii unazijua. Sauti nyingine sisi hatukuzaliwa nazo. F inatugeukia B, L inakuwa R, na sijasikia aliyekufa kwa hilo. Mama akampokea mtoto kwa mikono miwili, akamwinua juu, akamwita, "Burabia! Burabia wa magokoro!" Ndiyo kusema Burabia wa bibi yake.

Rebeka alikunja uso kama aliyekunywa mwarobaini. "Mama, ni Flavia. Fla-vi-a." Mama akajaribu. Akajaribu tena, jasho linamtoka, na sisi tumesimama tunamwangalia. Ndipo Rebeka akasema, "Ni afadhali usimwite kabisa kuliko kumwita hivyo. Atazoea hiyo lafudhi, halafu achekwe shule kama mimi nilivyochekwa."

Kwao Rebeka ni Suneka, mwanangu. Suneka hapa! Si Ulaya. Ni kweli alichekwa, alipopelekwa shule ya bweni mbali na kwetu. Walimwigiza mpaka akawa hainui mkono darasani. Hilo nalijua na lilinihuzunisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini waliomcheka walikuwa watu wengine, na aliyelipishwa akawa mama mkwe wangu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Wakarudi Nairobi. Mama hakuwa mtu wa kugombana na wake wa wanawe, kwa hiyo alitii. Alitii kupita kiasi. Alimwogesha mtoto, akampa uji wa wimbi, akambeba mgongoni mpaka kituo cha kuuzia majani chai, na mdomo hakufungua. Akitaka aje, anapiga makofi mawili. Nilimwambia, "Mama, wewe mwite tu. Nani atakusikia?" Akajibu, "Mtoto ni wao. Nisije nikamwambukiza." Kumwambukiza! Kana kwamba lugha iliyomlea yeye ikawalea na wanawe ni upele. Mimi nilimsemesha mtoto nilipopata nafasi, lakini nilikuwa mtu wa kupita, alfajiri niko kwenye chai, jioni niko kwenye kuni na maji. Yule mama wa maneno akawa bubu nyumbani mwake mwenyewe.

Desemba ya mwaka uliofuata wakaja. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka tu kupiga, sote tumejazana jikoni kwa mama tukiota moto. Rebeka akaingia, akachuchumaa, akafungua mikono. "Flavia!" Alilitamka vizuri, sina ubishi. Mtoto akaendelea kuchezea maganda ya ndizi. "Flavia, kuja kwa mama!" Hata hakugeuka. Mtoto anayekimbia, mwanangu, na neno moja hana. Rebeka akaanza kulia kwamba mtoto wake hasikii, kwamba kesho asubuhi apelekwe hospitali Kisii.

Mama akapiga makofi mawili. Mtoto akatupa maganda, akakimbia, akampita Rebeka na mikono yake iliyofunguliwa, akajitupa mapajani mwa bibi.

Baba mkwe wetu alikuwa amesimama mlangoni, ameyaona yote. Kwetu baba mkwe hamkaripii mke wa mwanawe. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya tangu zamani, na mzee hakuivunja. Alimgeukia Ondieki, macho kwake peke yake. "Ondieki, mtoto wako anasikia. Hajui tu kama anaitwa. Nyinyi mlifunga mama yenu mdomo, sasa mlitaka mtoto atoe maneno wapi? Mkono mmoja haulei mwana. Kama mlitaka jina la kutajwa na watu wawili, mngebaki nalo huko Nairobi pamoja na mtoto."

Ondieki akainamisha kichwa. Lakini Rebeka, aliyekuwa anaambiwa hasa, alijijua, akapiga magoti mbele ya mama. "Mama, nisamehe. Mwite. Mwite vile unaweza."

Ungedhani yaliishia hapo. Mama alimsamehe siku ileile, maana alikuwa Mkristo kunishinda mimi. Lakini jina lile hakulitaja tena maishani. Kila akilifikia anasita, anatazama nani yuko karibu, kisha anasema "huyu mtoto". Maji yakimwagika hayazoleki. Wazazi wakamchukua Flavia, akajifunza kusema hukohuko Nairobi, na akawa msemaji mzuri kama mama yake alivyotaka.

Siku tulipomzika mama, wajukuu waliitwa mbele kumzungumzia bibi yao. Binti yangu Dorothy akasimulia alivyokuwa akiitwa Toroti, tena kwa sauti ya kuvuka mto, na watu wakacheka huku wanafuta machozi. Ndugu yake Philip akasema yeye hakuwahi kuwa Philip katika boma hili, alikuwa Biribu. Ikafika zamu ya Flavia, mwanamke mzima sasa, mwenye kazi yake. "Mimi bibi alikuwa ananiita..." Akatafuta. Tukamngoja. Hakuwa na kitu. Akarudi kuketi na akalia kuliko wote. Nilimtazama Rebeka, na Mungu anisamehe, huruma sikuwa nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, mpe mtoto jina unalolipenda. La Biblia, la Kizungu, lenye F tatu ukitaka, mimi sikukatazi. Mfundishe kulitamka kama ulivyofundishwa. Lakini ukishampa, hilo jina ni la kila anayempenda. Mama yako akilitaja kwa ulimi wake, funga mdomo. Na mtu akicheka, mkaripie huyo anayecheka. Usimtukane mama yako ili kumfurahisha mpumbavu. Mtoto mwenyewe hana shida. Ataitika kwa bibi na ataitika kwa mwalimu. Aibu hazaliwi nayo, ataiona kwako kwanza.

Sasa nimesema, roho imetua kidogo. Mungu akufungue salama. Akupe mtoto mwenye kilio cha kusikika mpaka ng'ambo ya kilima. Aitwe na wengi, wenye meno na wasio na meno, kila mtu kwa ulimi aliopewa. Na siku atakayotuzika sisi wazee wake, asikose la kusimulia.