Siku Niliyomsitiri Swaleh

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata mchana kama huu, jua likiwaka hapa Mji wa Kale na watu wakitafuta kivuli, mwili wangu husisimka. Ni siku ya tatu ya safari yangu ya kwanza mlimani, na ya mwisho pia. Nimesikia wewe na wenzako mmeshapata mabegi ya kubeba mgongoni, na mwataka kutembea siku nne katika bonde la Mlima Kenya. Sikukuita nikukataze. Mimi ni mzee mwoga, mtaa mzima wajua, na wajukuu wangu hunicheka. Lakini uoga wangu una kisa chake, na nataka ukisikie kabla hujaondoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi na Swaleh, mtoto wa mama yangu mdogo, tulikuwa tukiwatembeza wageni Ngome ya Yesu. Kazi yenyewe waijua: unamkaribisha mgeni, unamwonyesha mizinga na kuta, na hata kama umeamka na homa unatabasamu naye hadi mlangoni. Lilikuwapo swali moja lililotukera. Wageni wengi walikuwa wametoka mlimani, na wakituuliza sisi tuliupanda lini, tulibaki kutazamana. Siku moja Swaleh akasema imetosha, haiwezekani watu wavuke bahari kuja kuuona mlima wetu na sisi tuujue kwa picha tu. Tukaomba ruhusa kazini, tukaazima mabegi na makoti mazito, tukatiwa tende na visheti vya kutosha kulisha harusi, tukaenda zetu.

Mwongozaji wetu aliitwa Njeru, mtu wa huko huko chini ya mlima, mfupi, asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujaingia msituni, alitusimamisha.

"Huko juu hewa ni nyepesi," akasema. "Inaweza kumshika mtu. Kichwa kinauma, anatapika, anaanza kuyumba, anaongea vitu havieleweki. Asiposhushwa haraka anakufa. Dawa ni kushuka, hakuna nyingine. Kwa hivyo nikiwauliza mko vipi, mniambie ukweli."

Tukaitikia kwa adabu. Na tulimaanisha, usidhani tulikuwa tukimdanganya.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye ugonjwa wetu sisi watu wa hapa. Umelelewa Mombasa. Tangu ulipojua kusema umefundishwa kwamba ukiulizwa hujambo, wajibu sijambo. Habari za nyumbani, njema, alhamdulillahi. Hata kama nyumbani kuna maiti, njema inatangulia. Kisha, mkishamaliza kuulizana watoto na wazazi na majirani, ndipo unapovuta pumzi na kusema "ila". Mtu wa kwetu huisubiri hiyo "ila" bila kufundishwa. Njeru hakuijua. Yeye aliuliza, akasikia njema, akageuka akashika njia.

Siku ya kwanza ilikuwa ya msitu na matope, nasi tulicheka sana. Siku ya pili tukaingia bondeni. Lilikuwa bonde pana, majabali yamesimama pande zote, mto ukipita chini, na mimea ya ajabu iliyotuzidi urefu. Kilichonitisha kwanza ni ukimya. Hapa kwetu hakuna saa ya ukimya. Kama si adhana ni tuktuk, kama si tuktuk ni seremala na nyundo yake. Kule nilisikia moyo wangu ukipiga, na nikajua kwamba ningepiga ukelele hapana jirani ambaye angefungua dirisha. Sikusema neno. Nilikuwa mkubwa kwa Swaleh kwa miezi saba, na mkubwa haogopi.

Alasiri ile nilimkuta Swaleh nyuma ya jiwe, ameinama, anatapika.

"Una nini?"

"Kitwa chaniuma tangu jana. Si neno, kitapoa."

"Twende tukamwambie Njeru."

Akanishika koti kwa mikono yote miwili. "Wallahi usimwambie. Atatushusha, na mjini tutachekwa hadi tuzeeke. N'sitiri, ndugu yangu."

Wajua uzito wa neno hilo kwetu. Mtu akikuomba umsitiri, nawe ukaifichua aibu yake, uso wako utauweka wapi? Nikasukuma mchanga kwa kiatu nikayafunika matapishi. Tulipofika kambini Njeru akatuuliza mko vipi. Swaleh akatoa lile tabasamu la Ngomeni, akasema, "Njema, alhamdulillahi." Njeru akanitazama mimi. Nikasema sote tu salama.

Asubuhi ya siku ya tatu Swaleh hakuweza kumaliza nusu kikombe cha chai. Alikaa akiziangalia kamba za viatu vyake muda mrefu, anashika hii, anaacha, anashika ile. Nilipiga magoti nikamfungia, harakaharaka, Njeru akiwa ametugeuzia mgongo. Hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia, mwanangu. Haikuwa hofu ya mlima. Niliogopa kumtazama usoni, kwa sababu nikimtazama ningelazimika kusema.

Tukapanda. Miguu yake ilikuwa inapishana. Nikachukua begi lake nikalivaa kifuani, langu likiwa mgongoni, nikamwambia atembee mbele yangu, lakini hakuuweza mwendo, akabaki nyuma. Adhuhuri ukungu ukaanza kupanda kutoka chini ya bonde. Njeru akageuka, akaniuliza kwa sauti, "Mwenzako yuko vipi?"

Nilikuwa na nafasi yangu. Nakwambia wewe leo, nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Salama tu, amechoka kidogo."

Haikupita nusu saa, ukungu ukatufunika. Nikageuka, Swaleh hayupo. Nikaita. Nikaita tena. Njeru akapuliza kipenga chake, tukanyamaza kusikiliza, hapakuwa na kitu. Tukarudi chini tukiifuata njia kwa kuinama, maana hata miguu yetu tuliiona kwa shida. Nikaona koti lake limelala njiani. Mbele kidogo, soksi moja.

Nilimwona mimi kwanza. Alikuwa kando ya njia, mahali ambapo mawe yanaishia na bonde linadidimia moja kwa moja. Yuko pekupeku, viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini. Mbele yake ukungu ulikuwa mweupe, umelala, haukuonyesha chini. Alinigeukia akafurahi.

"Maji yamejaa," akaniambia. "Hata mawe ya ufuo wa Mama Ngina hayaonekani. Haya, tushuke tuoge."

Akanyoosha mguu mmoja kulipapasa hayo maji. Jiwe likamtoka chini ya kisigino, likaenda. Nilingoja kulisikia likitua. Sikulisikia.

Sijui nani aliyenipa akili. Nilisema polepole, "Ningoje basi, nami nivue viatu." Akasema haya, akasimama kuningoja. Alikuwa mtu wa adabu hata akili ilipomwacha. Nikajifanya nainama, nikasogea hatua moja, nikasogea ya pili, nikamshika mshipi wa suruali kwa mikono miwili, tukaangukia nyuma pamoja. Njeru akatukuta chini, mimi nalia, Swaleh ananiuliza kwa upole mbona nimemwangusha.

Njeru alimsimamisha, akamwambia atembee hatua tano kwa mstari. Hakufika ya pili. Ndipo akanigeukia.

"Hii ilianza lini?"

"Jana," nikasema. "Hapana. Juzi."

"Mimi nimekuuliza mara ngapi?"

Nikainama kuokota viatu vya Swaleh.

"Macho yangu yako mbele, kwa njia," akasema, na hakupandisha sauti. "Nyuma nilikuwa namwona kwa mdomo wako. Wewe umenionyesha mtu mzima, si mgonjwa. Sasa mshike miguu."

Tuliyaacha mabegi pale pale. Tulimbeba kwa zamu, mara mgongoni, mara tumekokotana naye katikati. Mwanzo alikuwa akizungumza, anamkaribisha mgeni asiyeonekana, anamwonyesha mizinga. Kisha akanyamaza, na nikatamani aendelee na upuuzi wake. Kila mara nilitia mkono puani mwake nisikie pumzi. Nilimwahidi Mungu mambo mengi kwenye mteremko ule, mengine sijayatimiza hadi leo. Tulipofika chini palipoanza miti, Swaleh akafumbua macho, akaniuliza kwa nini nalia. Hospitalini walisema kidogo tu, tungekuwa tumechelewa.

Alipona, alhamdulillahi. Na jambo la ajabu ni kwamba hakumbuki chochote, si koti, si ukungu, si jiwe. Hofu yote niliachiwa mimi peke yangu.

Wiki moja baada ya kurudi, mama yake, Mama Rukia, aliniita sebuleni kwake. Alikuwa amesikia. Akanikaribisha, akanimiminia kahawa, tukaulizana hali kama kawaida. Kisha akaniuliza.

"Ulijua yuwaumwa?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza?"

"Aliniomba nimsitiri."

Akakiweka kikombe chake chini. "Ungeniletea mwanangu ndani ya sanda," akasema, "ukasimama hapo mlangoni ukaniambia umemsitiri?"

Hakulitaja tena jambo hilo hadi siku aliyofariki.

Basi nenda, mwanangu. Bonde lile ni zuri, nami sitaki urithi uoga wangu. Lakini adabu ya "njema" iache hapa Mombasa, ikungoje, utaikuta. Huko juu ukiulizwa u hali gani, anza na "ila". Kichwa kikikuuma, sema kinauma. Na mwenzako akiumwa, hata akuapishe, hata akushike koti na kukuita ndugu, mseme kwa mwongozaji. Atakukasirikia, na mtaani mtachekwa. Acha akasirike. Ningalisema siku ile ya pili, Swaleh angalinikasirikia mwaka mzima, lakini leo mimi ningalikuwa mzee anayelala vizuri.

Mungu akufungulie njia, akupandishe kwa salama na akushushe kwa salama. Akupe mwenzi wa safari asiyekuonea haya. Na mama yako atakapokufungulia mlango akuulize habari za huko, Mungu akujaalie umwambie njema, na iwe ni kweli. Amin.