Wanataka Nimkabidhi Tuzo Afande Aliyesubiri Juu ya Kisima

Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwako Admin, na nyote mnaosoma ukurasa huu,

Assalamu alaykum. Naomba unifichie jina na kijiji. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mama wa watoto wanne, naishi kaskazini ya Pemba, upande wa Konde. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mnivumilie. Nimetoka eda Ijumaa iliyopita.

Mume wangu alikuwa mkulima wa muhogo, mtu wa maneno machache. Akimenya chungwa alilizungusha taratibu mpaka ganda litoke utepe mmoja, akamvisha mtoto wetu mdogo shingoni.

Siku ile jirani yetu, nitamwita Bakari, alikuwa anasafisha kisima chake. Alishuka na mashine ya petroli ya kuvutia maji, akaiwasha humo humo ndani. Moshi ukamlevya, akaanguka. Mkewe alipopiga ukelele mume wangu alikimbia, nami nyuma yake. Alivua saa akanipa. "Nishikie, isije ikaingia maji." Akashuka. Akamfunga Bakari kamba, wanaume wakavuta, Bakari akatoka yu hai. Wakairudisha kamba chini, wakamwita mume wangu. Akajibu, "Ngojeni kidogo, nafunga." Hakujibu tena.

Gari ya zimamoto ikafika wakati huo. Mdogo wake Bakari alikuwa keshaanza kushuka, amejifunga kitambaa kibichi usoni. Afande wao akamshika mkono. "Asishuke mtu. Hii ni kazi yetu." Tukasogea wote. Mimi nilisema alhamdulillahi, wenye kazi wamekuja. Kumbe mtungi wao wa hewa ulikuwa mtupu. Wakapiga simu mjini uletwe mwingine, wakasimama pale juu kusubiri. Mimi saa nilikuwa nayo mkononi. Ni dakika arobaini na moja.

Sisemi alikosea kumzuia yule ndugu. Pengine tungezika wawili. Ninachosema ni kwamba alituambia ni kazi yake, na cha kufanyia kazi hakuja nacho. Mtungi ulipoletwa walimtoa mume wangu kwa adabu, hilo siwanyimi. Lakini walitoa maiti.

Siku ya tatu ya msiba watu wa zimamoto walikuja kutupa pole. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, mwenye eda hatoki barazani kujibizana na wanaume wageni. Nilimsikia shemegi yangu, kaka yake marehemu, akiwaambia, "Tunashukuru sana, mmefanya kazi kubwa." Simlaumu. Kwetu mgeni wa msibani haambiwi neno baya, hata angekuwa nani. Lakini wenzetu walikuwa na karatasi. Wakayaandika maneno yale, shemegi akatia sahihi, na sasa ndiyo barua ya familia. Inasema tumeridhika na tunapongeza uokoaji wa Bakari.

Wiki hii Alhamisi kuna hafla. Afande anapewa ngao na cheti cha ushujaa, kwa kuokoa mtu kisimani. Na mimi ndiye ninayetakiwa nimkabidhi, kwa sababu nimeshatoka eda na picha itapendeza. Nimeahidiwa na doti ya kanga.

Bakari mwenyewe aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Mie walinikuta nshatoka, nimelazwa mkekani natapika. Walichofanya ni kunipakia garini. Basi hiyo ni tuzo ya kupakia." Mkewe akasema, "Wampe na ya kusubiri."

Nilimwomba shemegi awaambie jambo moja tu, kwamba siku hiyo jina la mume wangu lisomwe. Akaenda, akarudi na jibu. Tuzo ni za watumishi, raia hamo kwenye ratiba.

Hapo ndipo hasira zilipopanda, na hazijashuka mpaka leo. Mkunga aliyenizalisha mara nne hakupigiwa makofi. Mwalimu wa wanangu anafundisha watoto tisini chumba kimoja, ngao hana. Mshahara wa mtu ndio shukurani ya kazi yake, na akiizidisha ndipo tuseme tuzo. Yupo askari polisi mmoja huku kwetu, siku yake ya mapumziko alimbeba bibi mgonjwa mgongoni, kwenye matope, mpaka barabarani. Huyo mpeni, na mimi nitakuja kupiga makofi. Mume wangu hakuwa na mshahara wa kuokoa watu. Alikuwa na jembe.

Shemegi yeye ananiambia, "Askari nao ni watu, wanataka kutiwa moyo."

Nikamjibu, "Wangetiwa hewa kwenye mtungi kwanza."

Akasema polepole, "Bi mkubwa, ile sahihi ni yangu. Ukikataa mbele za watu, mie nitakuwa muongo kijiji kizima."

Hilo ndilo linalonikata maini. Shemegi ndiye aliyemwosha ndugu yake kwa mikono yake. Ndiye anayewapeleka wanangu chuoni kusoma Qur'ani kila jioni na kuwarudisha. Hajawahi kuniinulia sauti.

Kesho asubuhi anataka jibu. Nikikataa, namwaibisha mtu huyo. Nikienda, nitaichukua kazi ya mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe nimpe mwengine, na wanangu wataiona ile picha mpaka wakue. Au niende, nikifika mbele niseme yote niliyoyaona, halafu ndiyo nimpe ngao yake?

Nambieni la kufanya, hasa kina mama mliowahi kukaa eda. Na mkishanishauri, mkumbukeni marehemu kwenye dua zenu. Jina lake hata hapa nimelificha, basi muombeeni hivyo hivyo. Semeni yule wa kisimani.