Theluji Niliyoihesabu Bure

Mimi ni mtu wa kujua mambo. Ndugu zangu huita tabia hiyo kiburi, na sijawahi kuona haja ya kubishana nao. Basi nakiri mapema: haya ninayoyasimulia yalinifika mbele ya televisheni, nikiwa na karatasi ya mahesabu mkononi, na aliyenicheka alikuwa mgonjwa wangu mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilifika Minnesota mwezi wa tatu, nikafanya kozi fupi ya usaidizi wa wauguzi mjini Minneapolis, kisha nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Maplewood. Nilikaa Columbia Heights na binamu yangu, mwanafunzi wa uhandisi mwenye gari bovu na maoni juu ya kila kitu. Yeye ndiye aliyenipeleka kazini, maana kwenda Maplewood bila gari ni adhabu.

Mgonjwa wangu nilimwita Mzee, kwa heshima, kama ningemwita yeyote wa umri wake kwetu. Alipouliza maana yake nikamweleza, na tangu siku hiyo akawa haitikii jina lake la kweli. Alikuwa ameuza matrekta maisha yake yote na nyumba yake ilikuwa Lakeville. Majira ya baridi yaliyotangulia aliteleza kwenye barafu mlangoni pake akavunjika nyonga. Alipasuliwa, mfupa ukaunga vizuri, na daktari akasema hakuna kinachomzuia kutembea. Mzee akakaa kwenye kiti cha magurudumu akakataa kuinuka.

Nilibembeleza, nikagomba, nikanuna. Hakusogea. Daktari naye alikuwa amechoka kungoja. Alisema atakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kama Mzee hatakuwa anatembea mwenyewe kwa fremu ya kujishikilia hadi chumba cha kulia, basi atahamishiwa upande wa nyuma, kwa wale wasioinuka, na binti yake ataiuza nyumba ya Lakeville. Mzee aliambiwa haya yote nikiwepo. Aliomba abadilishiwe chaneli.

Chaneli aliyoitaka ilikuwa ya mpira wao, ule wa yai, unaochezwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kila Jumamosi ya zamu yangu alinifundisha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujua mambo, baada ya Jumamosi mbili nikawa namsahihisha. Mechi zote mbili zilichezwa ugenini, kwenye jua. Hilo nalitaja ili msomaji anihurumie kidogo.

Wiki moja kabla ya daktari kuja, timu ya chuo kikuu cha hapa ilikuwa icheze nyumbani. Mzee alikuwa shabiki wao tangu ujana, na ndiyo sababu alisema watafungwa. Aliwajua mno.

"Tuwekeane dau," nikamwambia.

"Nilidhani nyinyi watu wa kanisa hamchezi kamari."

"Si ya pesa. Wakishinda, utatembea hadi chumba cha kulia kila siku mpaka daktari aje."

Alinitazama juu ya miwani. "Na wakishindwa, hunitajii tena kutembea. Hata neno moja."

Tukapeana mikono. Jioni ile nikamweleza binamu garini.

"Unabet na mgonjwa? Wakijua utapoteza job," akasema.

"Ni kutembea tu. Si hela."

"Na pastor je?"

"Pastor hana nyonga ya kuuguza. Wewe niambie hali ya hewa."

"Saturday kuna snow, hiyo ni sure. Nimecheki. Na wind mbaya. Huyo jamaa wao wa kurusha ball ata-struggle, trust me."

Moyo ukatulia. Mimi ni wa Kakamega. Nilikua nikimsikiliza baba na wajomba zangu wakipima mechi, na maswali yao yalikuwa mawili tu: nani anaumwa, na uwanja una matope kiasi gani. Kwetu matope yalikuwa mchezaji wa kumi na mbili. Timu ya mbwembwe ikija kutoka mjini, mvua ikanyesha mchana, tulijua imekwisha.

Basi nikafanya kazi kama walivyonifundisha. Nikasoma orodha ya majeruhi gazetini, na hapo nilijiona daktari bingwa. Mkimbiaji wetu alikuwa na kifundo kilichoteguka, lakini kwenye theluji kila mtu huchechemea, kwa hiyo hilo nikalifuta. Wageni walikuwa na beki mkubwa mwenye msuli wa paja uliochanika. Kila siku niliwakanda wazee misuli, nikajua baridi inavyoikaza. Yule angekakamaa kabla ya mapumziko. Mrushaji wao alikuwa mzima, lakini alitegemea kurusha mbali, na upepo ule ungemrudishia mpira usoni. Niliandika yote kwenye karatasi, nikamsomea Mzee. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza hata upepo unatoka upande gani. Nikamjibu kwamba ni wa kaskazini.

Jumamosi theluji ilianguka kama ilivyoahidiwa. Niliingia chumbani kwake nikijipangusa mabega na kuimba. Mzee alikuwa amekwishawasha televisheni.

Wachezaji walikuwa wakipasha misuli, mikono wazi. Mashabiki walikuwa na fulana. Hakuna aliyetoa mvuke mdomoni. Nikafikiri wanatuonyesha mechi ya zamani, mpaka kamera ikainuka na nikaona kwamba juu yao hakuna mbingu. Kulikuwa na paa.

Kisha wakaonyesha jengo kutoka nje, nami nikalitambua. Nililipita kwenye basi kila asubuhi nilipokuwa kwenye kozi: kubwa, jeupe, limeumuka juu kama andazi. Miezi yote ile niliamini ni ghala la chumvi ya kumwaga barabarani.

"Ulijua," nikamwambia Mzee.

"Hukuniuliza."

"Uliniuliza upepo unatoka wapi!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Umehesabu theluji mahali penye paa," akasema, na kila alipotulia akalirudia. Yule beki wa paja alikimbia kama ndama. Mrushaji akarusha alikotaka. Tulifungwa vibaya, na nikamwegesha Mzee mezani bila kumwambia kwaheri.

Ahadi nikaishika. Jumapili sikutaja kutembea. Jumatatu vilevile. Nilimsukuma kwenda chumba cha kulia na kurudi, kimya, nikiwa na hasira naye na hasira zaidi na nafsi yangu, maana nilimpenda yule mzee na nilikuwa nimeuza ulimi wangu, kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumsaidia. Jumanne akaniuliza kama naumwa.

Jumatano asubuhi nilimkuta dirishani. Nje kulikuwa kumeganda, na mtu mmoja kwenye maegesho alikuwa akitembea kwa hatua fupi fupi, mikono ameitandaza.

"Tazama barafu ile," Mzee akasema. Sauti yake haikuwa ya utani. "Na nyote mnataka niinuke nitembee."

Sikusema neno. Niliinua tu kidole nikaelekeza juu, kwenye dari.

Alikifuata kidole kwa macho. Akaitazama dari, akaitazama korido ndefu kavu yenye vishikio kila upande, akarudi kwenye dari. Kisha akasema nimletee fremu, na viatu vya kweli, si zile slipa.

Siku ile tulifika nusu ya korido, akitetemeka mwili mzima, akinikumbusha kila hatua kwamba dau alishinda yeye. Alhamisi tulifika mlangoni pa chumba cha kulia. Ijumaa daktari alimkuta mezani anakula pai, ameipaki fremu yake pembeni, na hakutaka kusumbuliwa. Nilikwenda kwenye chumba cha mashuka nikalia.

Binti yake alikuja kumrudisha nyumbani Lakeville wiki iliyofuata. Gari lilisimama karibu, lakini kutoka mlangoni hadi pale njia ilikuwa na barafu, ingawa ilikuwa imemwagiwa chumvi. Mzee alifika kizingitini akasimama. Alitazama juu. Mawingu yalikuwa ya kijivu na theluji ilikuwa inaanza tena.

"Hapa hakuna paa," akaniambia, kwa sauti ya chini, binti yake asisikie.

"Najua," nikamjibu. "Hii nimeihesabu."

Nikampa mkono wangu akaushika, akashusha kwanza mguu wa upande wa nyonga iliyovunjika.