Jina la Nyumba Namba Arobaini na Moja

Petter Jonsson alipata jina, nyumba, ng'ombe na mke katika mwezi mmoja, na vyote vinne vilikuwa vya marehemu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo, kabla watu hawajapata nafasi ya kumcheka. "Hata koti hili," alikuwa akisema, huku mikono ya koti la jeshi imemfunika vidole, "marehemu ndiye aliyelipasha moto."

Kikosini walikuwepo akina Petter Jonsson sita, maana huku Småland, Uswidi, kila Jon ana mwana, na mwana huyo haachi kuitwa Petter. Kapteni akiita mmoja, wanatoka sita. Ndiyo maana askari hupewa jina fupi la kuitikia, na jina hilo ni mali ya nyumba ambayo wakulima wa kijiji humpa askari wanayemtunza, kama lilivyo bomba la moshi: anayeingia hulikuta, anayetoka huliacha. Mwenzake mmoja aliangukia nyumba ya Modig, yaani Jasiri. Mwingine akapata Sköld, Ngao. Petter akapewa nyumba namba arobaini na moja, ya Nöjd, maana yake Ameridhika. Loh! Mtu ambaye hajaridhika tangu siku aliyoachishwa ziwa!

Ndani alimkuta Stava binti Måns, mjane wa Nöjd aliyetangulia, na katoto kake Kajsa. Nyumba ni ya askari, kwa hiyo mjane alitakiwa afungashe vyake aondoke. Stava alimpima Petter kwa macho toka juu hadi chini, akampakulia uji wa shayiri.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nimeshazoea kumwita mtu Nöjd. Ukinioa, sina la kujifunza upya, na wewe huna la kutafuta."

Posa yenyewe ndiyo hiyo, jamani. Petter akamaliza uji, akalalamika kwamba umepoa, akakubali.

Akatumikia miaka thelathini bila kuona vita vyovyote. Adui pekee aliyepambana naye uso kwa uso ni bata bukini wa mkulima Germund, na bata ndiye aliyeshinda. Alichojulikana nacho ni malalamiko. Kila ukaguzi mkuu kapteni humuuliza askari kama ana neno juu ya wakulima wanaomtunza. Wengine hujibu, "Sina, bwana kapteni," yakaisha. Petter, ah! Paa linavuja, nyasi za ng'ombe zimeoza, viatu vinabana mguu wa kushoto tu.

"Huyu hana dogo!" Germund, mkubwa wa wakulima wale, alikuwa akipaza sauti. "Siku akifika mbinguni atasema mawingu yana unyevu!"

Uwanja mzima hucheka, na Petter hucheka kuliko wote, maana alijijua. Kesho yake hulalamika kwamba kicheko kimemtia kikohozi.

Mgongo ulipomshinda, akaandikiwa kuachishwa kazi. Nyumba ingekuwa ya kijana mmoja, Elof, na jina pia. Petter akajipatia kibanda ukingoni mwa msitu, nusu yake imechimbwa ndani ya kilima. Kajsa, ambaye sasa ameolewa kwenye shamba kubwa, akatuma salamu: chumba cha mama kiko tayari, kina na jiko lake. Cha mama. Petter hakutajwa.

Hapo ndipo hofu ilipomshika, hofu asiyoweza kumlalamikia mtu yeyote. Stava aliolewa na Nöjd, kisha akaolewa na Nöjd. Tangu wameoana hajawahi kumwita kwa jina lingine. Huyu Petter Jonsson, basi, nani alimwoa? Akaona labda akiondoka na lile jina, mke naye atafuatana nalo.

Siku ya ukaguzi wake wa mwisho kapteni akauliza, "Haya, Nöjd. Malalamiko?"

"Sina, bwana kapteni."

"Anaumwa?" Germund akanong'ona.

"Ila nina ombi. Naomba niondoke na jina."

Kapteni hakuwa mtu mbaya. Alimtazama, kisha akamtazama Elof aliyesimama kando ndani ya koti lilelile refu. "Jina ni la nyumba, mzee wangu. Kijana ataitikia nini?"

Cha kuazima hakistiri matako, Petter alijisemea, na miaka thelathini yote mimi nimetembea nyuma wazi.

Alipofika nyumbani, gari la farasi la mkwe lilikuwa langoni, mkwe mwenyewe ameshika hatamu. Stava alikuwa anafunga sanduku.

"Kapteni amekataa," Petter akasema. "Mimi ni Petter Jonsson tena. Wa saba pengine, maana naona wameongezeka. Nenda kwa Kajsa, mama. Kule kwangu dari iko chini, moshi tele, na mwenye nyumba ni mlalamishi."

Stava alitoka hadi langoni, akamwambia mkwe, "Mwambie Kajsa nitakuja Krismasi, kama amealika wawili." Akarudi, akashika ncha moja ya sanduku.

"Petter! Shika upande huo."

Petter akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

"Ni wewe, bwana wee! Au nimwite mwingine?"

Akainama, akashika. Mkwe aliyekuwa langoni akakaa kusubiri malalamiko yaanze. Sanduku lilikuwa zito, mgongo ulimuuma, na njia nzima hadi msituni Petter hakusema kitu.