Mrija wa Mwisho wa Mama Noela

Saa mbili asubuhi, Nyahanga, mjini Kahama. Generosa Jilala, Mama Noela kwa wateja wake, anavuta kiti mbele ya tanuri dogo, anasoma namba kwenye kioo chake na kuiandika daftarini: nyuzijoto 390. Kisha anakaa. Mikono ameikunja kifuani.

"Kwangu huu si moto, ni uvuguvugu," anasema.

Ana miaka 43, na kwa miaka kumi na saba amepima sampuli za dhahabu kwa moto unaozidi nyuzijoto elfu moja. Huko ukiona kazi inasuasua, unapandisha. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka jana Dk. Gregory Chacha, mtafiti wa chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, alimletea mirija mitatu ya kioo iliyozibwa, ndani yake unga wa chuma na wa seleni. Ikikaa kwenye joto dogo siku thelathini, huota fuwele ambazo zikipozwa mno hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe.

Siku ya sita Generosa hakuona kitu. Akapandisha moto hadi 600, mirija miwili kwa mpigo. Fuwele zikatoka, zinang'aa, naye akajisifu kwa simu. Kumbe chuma na seleni vilikuwa vilevile, ila vimejipanga vingine. Hazikufaa.

"Nililia. Tena nililia mbele ya wateja."

Sasa umebaki mmoja. Ukiharibika, Dk. Chacha ataagiza fuwele nje ya nchi, na kazi hii itaondoka Kahama.

Anachotafuta mtafiti huyo ni tabia ya elektroni ndani ya chuma cha fuwele hizo. Zina njia kadhaa za kupita, na kila elektroni huikwepa nyingine. Generosa, binti wa mfugaji, anaieleza hivi: "Ni mnadani. Lango hili ng'ombe wanabanana mpaka wanakaribia kusimama, lango la pili wanapita. Yeye anataka kujua kwa nini."

Haraka haraka haina baraka, lakini kamwambie hivyo mtu aliyebeba sampuli. Mageni, mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, anaingia na mfuko begani, akisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mama Noela. Hilo tanuri bado tu? Si upandishe moto umalize?"

"Mwangaluka, Baba Lusia. Sipandishi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kaa, yako inaingia kwenye lile kubwa."

Leo ni siku ya 22. Umeme umekatika mara tisa, na mara zote tisa amewahi kuwasha jenereta kabla joto halijashuka.

Mrija ukitoka salama, ataupakata mwenyewe kwenye basi hadi Dar es Salaam. Amekwishaomba ruhusa ya kuingia maabara fuwele zikipozwa na ukinzani wake wa umeme ukipimwa. Zikiwa njema, kifaa kitasoma sifuri.

"Miaka yote nikimwandikia mtu sifuri, ananinunia. Wengine wananitukana," anasema, macho kwenye namba. "Safari hii naisubiri mimi. Nataka niwe nimesimama pale ikitokea."