Salamu ya Ng'ombe

Gharibu alishuka Kitanga, mpakani na Burundi, mwaka 1973 akiwa na redio, viatu vyeupe na hasira. Mtoto wa Kariakoo, amekulia kwenye taa na kelele, leo anapewa kufundisha shule ya milimani ambako jua likizama kila mtu anajifungia na moshi wake. Mimi, Muha wa hapo hapo, nilikuwa nafundisha darasa la kwanza. Nilipoviona vile viatu nikasema moyoni: huyu hamalizi masika.

Alimaliza. Lakini alikuwa mpweke, na nusu ya upweke ule alijitakia mwenyewe. Hakujua Kiha, hakutembelea mtu, na kila likizo aliomba uhamisho. Betri za redio zilipokwisha alibaki na vyura wa bondeni, akawa anawalaani.

Jirani yake alikuwa mzee Reverien, aliyekimbia Burundi mwaka mmoja kabla. Mke na watoto walifia huko. Alivuka na ng'ombe mmoja tu, Gaju, jike la kahawia lenye pembe ndefu. Kila jioni, akimrudisha Gaju kutoka malishoni, alipita mlangoni kwa Gharibu na kusema, "Amasho!"

Gharibu aliwauliza wanafunzi maana yake, wakamwambia ni makundi ya ng'ombe. Basi akadhani mzee anataka kujua kama naye anafuga. Akamjibu kwa adabu zake zote za pwani: "Sina, mzee."

Reverien alisimama kidogo, kisha akaondoka. Kesho yake tena vile vile. Wakaendelea hivyo tangu kupanda mahindi mpaka kuvuna, nami nikidhani wanataniana. Nilipogundua nilicheka mpaka machozi, halafu nikaona aibu.

"Mwalimu," nikamwambia, "mzee anakusalimia! Anakutakia makundi ya ng'ombe, wewe unamwambia huna. Sema: Amashongore. Yaani na yeye ayapate, tena ya majike."

Jioni hiyo alimsubiri njiani.

"Amasho!"

"Amashongore, mzee!"

Reverien aliangusha fimbo, akamshika mikono yote miwili, na hakuiachia upesi.

Tangu hapo Kariakoo ikaanza kumtoka. Alijifunza kukamua, kutoa kupe masikioni, kuwasha moto wa moshi wa kufukuza nzi. Siku moja aliniita nje ya darasa anionyeshe korongo wenye taji waliotua bondeni, kana kwamba mimi sikukua nao. Hata vyura wale aliwasamehe.

"Esteri," aliniambia, "mjini nimeishi na watu chungu nzima, hakuna aliyenijua. Gaju ananijua kwa harufu tu."

Nikamwambia basi aoge.

Mwaka 1978 mambo mawili yalifika pamoja. Uhamisho wa Dar es Salaam ulikubaliwa, na dada yake Stumai alikwisha kumwandalia chumba. Na wakimbizi waliokuwa kwetu wakatangaziwa kuhamia makazi mapya, mbali kusini. Malori yalikuwa ya watu na mizigo yao.

Reverien alimleta Gaju mpaka mlangoni.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "huyu hajui lori. Nikimuuza watamchinja. Mchukue wewe, wewe unayenijibu."

Nilimgombeza Gharibu. Nilimwambia ng'ombe si mke, si mama, panda basi uende kwenu. Lori lilipoondoka alisimama barabarani ameshika kamba mpaka vumbi likatulia. Nafasi yake ya Dar akapewa mwingine.

Sasa ni mwisho wa 1979. Gaju amezaa jike, na Gharibu ana furaha ninayoiona mwenyewe anapomsugua yule ndama shingoni. Lakini jioni anapotoka malishoni hupita kimya. Niliwahi kumsalimia mimi salamu ile. Aliitika vizuri, ila macho yake yalikuwa barabarani, nami iliniuma.

Wiki iliyopita tumeletewa mwalimu mpya kutoka Dar, viatu vinang'aa. Jioni alikuwa amekaa kibarazani, watoto wanacheza uani. Gharibu akatokea na ng'ombe wake wawili, akasimama mbele yake. Sikuwa nimeisikia sauti ile kwake tangu mzee aondoke.

"Amasho!"

Mwalimu mpya akawageukia watoto. Wakamwambia ni makundi ya ng'ombe.

"Sina, mzee," akajibu kwa heshima.

Gharibu alisimama kidogo, kisha akaondoka.