Ukoko wa Royal Lane

Harufu ya wali unaoanza kushika chini ya chungu hunitoa popote nilipo. Sisemi wali ulioungua, huo unanuka na unamwaibisha mpishi. Nasema ile harufu inayotangulia kidogo, pale chini panapogeuka rangi ya asali na kuanza kutoa mlio mdogo wa kupasukapasuka. Inatosha nesi mwenzangu apashe chakula chake kwenye chumba cha mapumziko akakisahau kidogo, nami narudi kuwa na miaka kumi. Nimekaa kwenye meza ya Wakorea mjini Dallas, nimevaa gauni la kanisani, na bibi yangu ameninyooshea kijiko.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Grand Prairie, nje kidogo ya Dallas, kwenye apatimenti ya vyumba viwili. Sisi ni Warundi. Baba alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala, Mama alikuwa anatandika vitanda vya wageni hotelini. Mimi nililetwa Texas nikiwa mdogo mno, kambi ya wakimbizi ya Kigoma naijua kwa kusimuliwa tu. Bibi, mama yake Baba, alibaki kule kwa miaka mingi ya makaratasi, na alipofika hatimaye alikuwa na mfuko mmoja, rozari moja na meno matatu ninayoweza kuyatolea ushahidi. Akapewa nusu ya chumba changu na nusu ya kitanda changu.

Niseme ukweli, sikufurahi. Bibi alikuwa anakoroma. Alfajiri aliamka kusali rozari kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua. Alinukia mafuta ya mgando na moshi wa kuni, ingawa kuni zenyewe alikuwa ameziacha Tanzania. Nilikuwa nimezoea chumba changu, wanasesere wangu wamepangwa dirishani kwa urefu, na sasa kati yao ilisimama sanamu ya Bikira Maria, mrefu kuliko wote.

Na hakuwa anakula vizuri. Alidonoa tu. Halafu kila siku baada ya chakula alinyanyuka, akaichukua sufuria, akaiinamisha kwenye mwanga wa taa, akachungulia ndani yake, akashusha pumzi na kuirudisha. Jambo hili lilimtesa Mama kupita kiasi. Aliamini kwamba mama mkwe anamkagua usafi. Alikuwa na sufuria zile za kisasa zisizoshika chakula, fahari yake, na bado alizisugua mpaka mtu angeweza kuchana nywele kwa kujitazama humo. Bibi aliendelea kuchungulia na kushusha pumzi. Kwa miezi minne hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

Baba Mdogo, aliyekuwa anakaa Houston upande wa Alief, alikuwa akipiga simu kila wiki kuomba Bibi ahamie kwake. Huko kulikuwa na Warundi wengi, na wazee wa kuzungumza nao baada ya misa. Bibi alisema atafikiri. Tukapanga kwenda Houston Jumapili moja ya mwezi wa tatu, na ilijulikana nyumbani kwamba ama atasalimia na kurudi nasi, ama atabaki huko moja kwa moja. Mimi sikuulizwa, lakini jibu langu nilikuwa nalo. Nilimwomba Mungu aniachie kitanda changu, nikamwomba kwa Kiingereza ili Bibi asielewe.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari, Baba akapeleka gari kwa fundi, kwa sababu lilikuwa linatetemeka likikimbia na hakutaka litufie katikati ya njia. Fundi huyo alikuwa Dallas, karibu na Royal Lane. Tulikwenda wote wanne, tumevaa vizuri, maana Mama hakuwa mtu wa kuingia Dallas na nguo za nyumbani. Fundi akasema turudi saa nane. Ilikuwa ndiyo kwanza saa tano.

Basi tukaanza kutembea katika mtaa wa Wakorea.

Sijui kama ule mtaa ni mrefu kama ninavyoukumbuka. Nimepita tena nikiwa mtu mzima na nikaona ni maduka ya kawaida yaliyopangana mbele ya uwanja wa magari, mengine ya zamani, yaliyofunguliwa kabla sijazaliwa, rangi za mabango yake zimefifia kwa jua. Siku ile haukuwa na mwisho. Jua lilikuwa laini, upepo ulileta harufu ya ufuta na nyama ya kuchoma na kitu kingine kichachu nisichokijua, na juu ya kila mlango kulikuwa na maandishi ya viduara na vijiti. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa familia yetu. Barua zote za shule, za hospitali, za mwenye nyumba, nilisoma mimi. Bibi akanishika mkono, akaniuliza pale pameandikwa nini. Nikamwambia sijui. Na pale? Pale pia sijui. Nadhani hakuwahi kunipenda kama dakika ile. Tulitembea mkono kwa mkono, wajinga wawili.

Tukaingia duka la mikate ambako kila mteja hupewa sinia na koleo ajichagulie mwenyewe. Mama aliangusha mkate wake wa kwanza. Bibi aliishika koleo na kuinua andazi la krimu kwa utulivu wa mtu aliyehamisha makaa maisha yake yote, na msichana wa dukani akamtazama kwa heshima. Tukapita kwenye dirisha la soko lenye figili nyeupe kubwa kama miguu ya mtoto. Nakumbuka paka juu ya boneti ya gari, na mzee aliyekuwa anafagia mbele ya saluni, akasimamisha ufagio ili Bibi apite. Labda paka alikuwa siku nyingine.

Kwenye mgahawa tulichagua kwa kuelekeza kidole kwenye picha. Kabla ya chochote tulichoagiza, meza ikajaa vibakuli vidogo: mchicha, maharage machanga, samaki wadogo kama dagaa, kabichi nyekundu. Baba aligeuka nyuma kutazama wamemnyang'anya nani chakula chake. Mama alionja kabichi, akasema huyu aliyeipika aliisahau. Tukaletewa chai ya shayiri iliyokaangwa, na Bibi akaweka pua juu ya kikombe, akakaa hivyo muda mrefu bila kunywa.

Mwenye mgahawa alikuwa mama mzee mwenye nywele fupi za mawimbi na kandambili za mpira. Alituletea vyungu vya jiwe vyenye wali, vya moto kiasi kwamba vilikuwa bado vinalia, akatuonyesha kwa ishara tuupakue wali kwenye bakuli, kisha akarudi jikoni. Bibi akapakua. Akachungulia ndani ya chungu, kama alivyochungulia sufuria zetu kila siku kwa miezi minne.

Chini yake kulikuwa na ukoko.

Alichukua kijiko cha chuma na kuanza kukwangua. Kwaru, kwaru, kwaru. Chungu cha jiwe na kijiko cha chuma, jamani, sauti ile ilisikika mpaka jikoni. Meza ya jirani kulikuwa na msichana wa umri wangu, nywele zimebanwa vizuri, akageuka kututazama. Masikio yangu yakawaka. Nikamwambia Bibi kwa chini chini aache. Akaendelea. Alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimewahi kuliona tabasamu lile, lenye meno yote matatu. Akabandua kipande kikubwa, cha rangi ya asali, kizima. Akakiweka juu ya kijiko na kuninyooshea.

Kwetu mtoto akipewa kitu na mkubwa hupokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko. Nilifundishwa hivyo kabla ya kujua kutembea. Nami niliusukuma mkono wake.

"No, Bibi. Please. Watu wanatuangalia."

Ukoko ukaanguka mezani. Baba akaacha kutafuna. Mama akatazama kibakuli cha mchicha. Bibi aliuokota ukoko, akaupuliza, akaurudisha chunguni polepole, na kukilaza kijiko pembeni.

Ndipo mwenye mgahawa akatoka na birika. Nilijua anakuja kutufukuza. Alichungulia ndani ya chungu cha Bibi, akaona alama za kijiko, akamtazama Bibi mdomoni, akacheka kidogo. Akamwaga maji ya moto juu ya ukoko, mvuke ukapanda. Birika alilishika kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto aliuweka chini ya kiwiko.

Bibi aliona. Alinyoosha kikombe chake amiminiwe maji, kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. Wale wazee wawili wakainamiana hivyo juu ya meza yetu, kila mmoja ameshika kiwiko chake. Ukoko ulipolainika Bibi akaunywa pamoja na maji yake hadi tone la mwisho. Akamtupia Baba kauli moja tu: "Huyu amelelewa."

Nilijua hakuwa ananisema mimi.

Muda ulikuwa bado, tukaingia mkahawa wa jirani, wenye viti vya chini na madirisha yaliyojaa mimea. Tuliletewa mlima wa barafu laini kama unga, na juu yake maharage mekundu. Maharage, ya sukari. Sisi Warundi maharage tumekula asubuhi na jioni, siku ya furaha na siku ya msiba, lakini juu ya barafu hatukuwahi kuyaona. Bibi alionja, akafumba macho kwa baridi, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakiruka, akanipigapiga pajani, na mimi nikacheka, mpaka Mama naye akajifuta machozi. Nilimlalia begani. Alinukia moshi na sukari. Nikafikiri, abaki. Nikafikiri kwamba nitahamisha wanasesere, atapata dirisha lote. Sikusema kwa sababu sikujua kulisema hilo kwa Kiswahili chetu cha nyumbani bila kuona aibu, na kwa sababu niliona muda upo.

"Nitakaa Houston," Bibi akamwambia Baba, akiwa bado anachota barafu.

Baba akamuuliza kwa nini, mbona hata wiki haijaisha tangu aseme anafikiri.

"Mtoto anahitaji kitanda chake."

Alisema bila uchungu wowote. Akanisogezea maharage yaliyobaki. Saa nane gari lilikuwa tayari, na Jumapili tukampeleka. Tuliporudi chumba kilikuwa changu chote. Nilipanga wanasesere dirishani, katikati yao pakabaki nafasi, na hata nilipowabananisha bado ilionekana. Nililia kwa siku tatu nikisema naumwa tumbo. Nilidhani Mungu amesikia Kiingereza changu.

Miaka mingi baadaye nilipata kazi ya unesi Houston, na Baba akanisindikiza. Mahali fulani katikati ya njia, ng'ombe pande zote mbili, nilimkumbusha ile siku ya kabichi iliyosahaulika. Alicheka, kisha akazima redio. Akaniambia kwamba katika ukoo wetu ukoko una mwenyewe. Ni wa mjukuu anayelala na bibi. Yeye aliula utotoni kwa bibi yake. Bibi akihamia nyumba yenye wajukuu, humwita mmoja, humpa ukoko, na mtoto akipokea basi wamekubaliana, ndiye wa kulala naye. Mama yangu na sufuria zake zisizoshika chakula walimnyima Bibi namna ya kuniuliza. Alipoipata hatimaye, Royal Lane, mbele ya watu, aliniuliza, na mimi nikamjibu.

Nilimuuliza Baba kwa nini hakuniambia siku ile ile.

"Alinikataza," akasema. "Alisema mtoto hashikwi mkono apokee."

Nilitaka asimamishe gari. Aliendelea kuendesha, akaniwekea mkono begani mpaka taa za kwanza za mji.

Jumamosi iliyopita nilimchukua Bibi kwa Baba Mdogo, nikampeleka Spring Branch, humo humo Houston, kwenye barabara ya Long Point, ambako kuna migahawa ya Wakorea ya siku nyingi. Yale meno matatu yameshaondoka. Macho nayo yanaondoka. Tulikaa karibu na dirisha, vyungu vikaja vikilia, na kabla mhudumu hajaleta birika Bibi alikuwa ameshapata kijiko kwa kupapasa. Kwaru, kwaru, kwaru. Watu waligeuka. Nikawaacha wageuke.

Alibandua kipande, akaninyooshea. Kijiko kilikuwa kinaelekea kwenye sikio langu zaidi kuliko mdomo. Nilishika kiwiko changu kwa mkono wa kushoto, nikapokea kwa wa kulia, na kwa kuwa hakuwa anaona vizuri nikamwambia, Bibi, nimepokea, na nimeshika kiwiko. Nikatafuna. Aliinamisha kichwa kusikiliza ukoko unavyovunjika mdomoni mwangu.

"Leo unalala wapi?" akauliza.

"Kwako, Bibi."

Akatikisa kichwa kukubali, akarudisha kijiko chunguni kutafuta kipande kingine.

"Sawa," akasema. "Lakini usinipige mateke kama zamani."